Ushba Mwenye Vichwa Vitatu

Badri alipiga picha kumi na moja
akiwa juu ya paa la ghala, mwezi wa Oktoba,
akijigeuza polepole kama mtu aliyesikia jina lake
likiitwa kutoka upande asioujua.
Kila picha imwazime jirani yake theluthi,
nilimwambia kwenye simu, usiwe mchoyo,
pasipolaliana hapashoneki.
"Haya, mwalimu," akanijibu,
akazituma usiku, mojamoja, mtandao ukikohoa.
Asubuhi akapanda basi la Kutaisi,
kutoka huko ndege ya Polandi,
akafunge nyama za watu kwenye plastiki.

Nimebaki na kompyuta ya shule.
Kitufe kimoja kimeng'oka,
feni inavuma kama nyuki ndani ya chupa.
Programu ni huru. Sisemi ya bure:
bure ni theluji mlangoni.
Huru ni kwamba watu nisiowajua
(nimeyasoma majina yao mwishoni, yote,
kwa sauti, kama yasomwavyo majina kanisani)
walitunga uzi kwenye sindano
wakaiacha mezani, wakaondoka.

Mara ya kwanza ilinikatalia.
Haikuona pa kushika: nyeupe haikamatani na nyeupe.
Basi nikashikiza kwa mkono.
Kona ya dirisha la Tsiala hapa, kona ileile pale.
Msumari wa lango.
Jiwe lenye umbo la sikio.
Mkia wa ng'ombe. La, futa,
ng'ombe alikwisha kusogea.

Mara ya pili Ushba akatoka na vichwa vitatu.
Tangu mababu anavyo viwili,
na watu wamekufa wakivipanda vyote.
Nikamwita Otia wa ng'ambo ya ukuta.
Akavua kofia, akatazama kwa muda mrefu.
"Hicho cha tatu usikiguse," akasema.
"Watalii watalipa zaidi."

Nilikifuta. Nukta moja ilikuwa imepotea njia,
imeshikiza wingu kwenye mwamba.

Lakini ua wetu ulinishinda.
Katika picha ya nne mama anatoka zizini na ndoo.
Ya tano, yuko katikati, ameinamia upande wa uzito.
Ya sita, mkono uko kwenye kitasa,
uso umeelekea juu, mdomo wazi:
anamwambia Badri ashuke, mkate unapoa.
Programu haimwelewi mtu mmoja mara tatu.
Inamchanganya. Ndoo inaelea.
Ndani ya bega lake naona mawe ya ukuta.
Inanipa brashi mbili,
nyekundu ya kuficha, kijani ya kubakiza,
na kunisubiri.

Nimekaa na ile nyekundu hadi chai ikaganda utando.

Ndipo Mzevinar mwenyewe, miaka sabini na saba,
akaja nyuma ya kiti akifuta mikono kwenye aproni.
"Huyo nani?"
Wewe.
"Na huyu?"
Wewe.
Akahesabu kwa kidole, akiacha unga kwenye kioo.
"Waache wote. Umewahi kuona kazi ya ua huu
ikifanywa na mtu mmoja?"

Nikapaka kijani, kijani, kijani.

Sasa limebaki suala la kingo.
Picha zikishonwa hutoka na pindo lililochanika,
juu limepinda, chini lina meno,
na programu inapendekeza, kwa adabu, mstatili safi.
Juu nimekata. Kushoto nimekata,
pamoja na nusu ya trekta la Otia.
Chini, kwenye vigae, kuna doa jeusi
nililodhani ni unyevu.
Mama ameinama hadi pua ikagusa kioo.
"Masikio hayo," amesema.

Kivuli cha kichwa. Na viwiko viwili,
vimeinuliwa kama vya mtu anayekunywa kwa bakuli.

Chini sikukata.
Nimehifadhi na meno yake yote.
Faili ni zito, linapanda kwenda Polandi taratibu,
asilimia tisa, asilimia tisa,
kumi.